Chumba cha Madoa

Shuka la tatu liliungua kabla jua halijapanda vizuri, na Shangazi alijua kosa si la mashine. Kosa lilikuwa la macho yake. Badala ya kutazama rola ya pasi, yalikuwa yameganda upande wa chumba cha madoa, ambako msimamizi alisimama nje ya mlango akipaza sauti kupiga soga na binti.

"Mwanangu, leo umependeza."

"Asante, mama."

Mama! Miaka kumi na minane Shangazi amemlea mtoto huyo wa marehemu kaka yake, tangu hajajua hata kuvaa viatu. Amemlisha, amemsomesha hadi mfuko ulipotoboka, amemtafutia kazi hapa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Hajaitwa mama hata siku moja. Na yule, kwa wiki tano na chupa moja ya mafuta ya kujipaka, kashaupata umama wa bure.

Zamani walikunja pamoja. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja: huyu anashika ncha mbili, yule mbili, wanavuta, wanatembea, wanakutana katikati. Kelele za mashine hazikuruhusu maneno, kwa hiyo waliongea kwa kuvuta. Mara mbili, msimamizi anakuja. Mara tatu, nimechoka. Binti alikuwa akivuta hata bila sababu, kumchokoza tu. Sasa Shangazi alikunja na mwanamke waliyemwita Redio, ambaye hakuhitaji kuvuta kitu kwa sababu sauti yake ilizishinda mashine.

"Huo ni wivu, shoga!" Redio alisema. "Mtoto kapata kazi ya kukaa. Sisi miguu imekuwa magogo. Ulitaka asimame hapa mpaka azeeke?"

"Sina wivu."

"Huna? Basi hilo shuka limejiunguza lenyewe."

Shangazi alicheka bila kupenda. Wivu alikuwa nao. Wiki ya kwanza tu alimwambia binti kwamba yule mama anamtafutia utumwa. Akamwambia sare mpya haimpendezi. Akamwambia mengi, yote ya kijicho. Jana jioni binti alimpa sindano amtungie uzi, eti vidole havitulii, na Shangazi alifurahi. Alifurahi kabisa! Alijiona bado anahitajika.

Msimamizi alikuwa na leso yenye manukato, na wafanyakazi walimcheka kwa hiyo leso. Eti anaona kinyaa na jasho letu. Mzaha huo Shangazi ndiye aliyeuanzisha. Lakini leo, kwa vile hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kumwinda kwa macho, aliona kitu. Ukumbini, katikati ya jasho lote, leso ilikaa mfukoni. Ilitoka kwenye mlango ule tu. Msimamizi aliikandamiza puani, akanyoosha mkono kumpa binti trei ya mashuka yenye madoa, na hata ncha ya kiatu haikuvuka kizingiti. Akitaka kusema, alirudi nyuma hatua mbili, akavuta pumzi, ndipo akasema.

Ndani, binti aliketi kitini ameinamia beseni, mikono mitupu ndani ya dawa iliyomiminwa kutoka kwenye makopo yaliyobanduliwa lebo. Dirisha halikuwepo.

Wawili walikalia kiti kile kabla yake. Wa kwanza alianza kuangukaanguka, watu wakasema ana mimba. Wa pili alitetemeka mikono hadi akashindwa kufunga vifungo vyake, wakasema ni pombe. Shangazi naye alisema ni pombe.

Alimwachia Redio shuka zima, akaenda kusimama mlangoni. Msimamizi alikuwa anarudi na trei nyingine. Wakakutana hapo, hatua moja kati yao, binti nyuma akiwa ameinama hajui lolote.

Shangazi aliziba njia. Aliitazama leso. Akayatazama makopo. Akavitazama viatu vya msimamizi, vilivyokomea pale pale kwenye kizingiti. Msimamizi aliyafuata macho hayo kituo kwa kituo. Kisha, taratibu, alishusha leso, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, kama mtu asiye na la kuficha. Ila hakuvuta pumzi. Shangazi alikikazia macho kifua chake: kilikuwa kimetulia tuli. Mshipa wa shingo ulimtoka, macho yakaanza kulengwa machozi. Wala Shangazi hakumpisha. Mwishowe msimamizi aligeuka akatoka mbio mbio hadi uani, na huko mabega yake yakapanda na kushuka.

Alipomwita Shangazi ofisini, msimamizi hakupoteza muda.

"Unataka nini?"

"Mtoe mwanangu mle."

"Mwanao? Nilisikia ni wa kaka yako."

"Mtoe."

"Hoteli wanataka mashuka meupe, na kiti hakikai kitupu. Nani ataingia?"

"Mimi."

Msimamizi alimtazama juu hadi chini, akapima. "Haya. Mimi sichagui mtu."

Jioni, nyumbani, Shangazi alimweleza binti yote: leso, makopo, kizingiti. Binti alisikiliza huku akikunja sare yake mpya iliyokuwa ikimponyoka vidoleni.

"Wiki ya kwanza ulisema utumwa," alisema. "Leo sumu. Kesho utasema uchawi."

"Mwanangu, nisikilize."

"Ulikitaka kiti changu, Shangazi. Ungeniomba tu."

Akampa kisogo, akalala hivyo hivyo hadi asubuhi.

Kesho yake Shangazi alikaa chumba cha madoa, mikono ndani ya beseni hadi karibu na viwiko. Kichwa kilikwishaanza kumwanga. Mashine zilipozimwa kwa mapumziko, sauti zilimfikia wazi kutoka kwenye meza ya kukunjia, ambako binti alikuwa analia.

"Nyamaza, mwanangu," msimamizi alimbembeleza. "Nafasi yako sijampa mtu moja kwa moja. Shangazi yako hatakaa mle muda mrefu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Miezi mitatu, minne. Vumilia."

Binti alifuta machozi, akaanza kutabasamu.