Jina Walilolikwepa

Kosa lilikuwa la Chepkemboi mwenyewe, asitafute wa kulaumu. Nani alimtuma kukubali mahojiano ya shahada ya uzamivu asubuhi ileile mtoto wake anapewa jina? Lakini chuo kilisema ni leo au basi, na Jerusa, mama mkwe wake, akasema vivyo hivyo. Mtoto alitoka hospitali ya Kapkatet jana. Hatalala tena bila jina.

Basi wakagawana sebule kwa pazia. Huku Chepkemboi na kompyuta yake. Kule Jerusa na wanawake wa ukoo, wakiwaita marehemu wa familia mmoja mmoja, ugoro kidogo puani mwa kichanga. Jina litakalompigisha chafya, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi.

"Unataka kuwachunguza wasomi wa Italia wa miaka mia tano iliyopita," Profesa Maxine alisema kwenye skrini. "Sawa. Lakini wewe wanakuhusu nini?"

Jibu alilolikariri wiki nzima likamtoka kichwani. Akiikosa nafasi hii, ni kurudi kituo cha kukusanyia chai, kupima majani ya wakulima, na ndoto yake kwisha.

"Ni wewe, Tabutany?" sauti ikapenya pazia. "Ni wewe, Tapnyole?"

"Hiyo ni nini?" Profesa akauliza.

Yesu wangu! Masikio yalimwaka Chepkemboi kwa aibu. Alitaka kusema ni redio ya jirani. Kisha akajikasirikia. Aibu ya nini, na hawa ni watu wake?

"Wanawaita wafu wetu," akasema. "Hata wale wasomi walifanya hivyo. Waliwaita Wagiriki na Warumi waliokufa zamani, wakangoja waitike. Mimi nataka kujua nani hawakumwita, na kwa nini."

Kule nyuma majina yalikuwa yamekwisha. Chafya hakuna. Wanawake wakaanza kunong'onezana.

"Hataki mtu wetu yeyote," Jerusa akasema, sauti ikitetemeka.

Chepkemboi akamsahau Profesa, akalivuta pazia.

"Mama, kuna mtu mmemruka?"

"Hakuna."

"Mama, tafadhali."

Jerusa akatazama sakafu. "Tabarno," akasema kwa shida.

Dada ya mume wa Jerusa. Alifukuzwa hapa nyumbani kwa kukataa kuolewa, akafa mbali, akazikwa bila mtu wa kwao kufika. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumtaja.

Mtoto akapiga chafya. Akapiga tena.

Hakuna aliyepiga vigelegele. "Huyu ndiye ambaye hatukumwita," Chepkemboi akaiambia skrini. Profesa alikuwa amevua miwani.

"Nimejibiwa," akasema polepole. "Nafasi ni yako, Chepkemboi."

Jerusa hakusikia. Alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani, akilia bila kujificha.

"Karibu ndani, wifi yangu," alimwambia. "Mvua imekunyeshea vya kutosha."