Komeo la Mlango wa Wanawake

...na komeo lenyewe leo zito, au mkono wake ndio umeishiwa nguvu, Shamuni hajui, anachojua ni kwamba shemasi Malkos kishapanda ngazi na anakohoa, ana mafua tangu juzi, na akimaliza kukohoa atawaamuru wakatekumeni watoke, wote ambao hawajabatizwa, maana mafumbo hayaonwi na macho ya mgeni, kisha atapaza sauti, milango, milango, na yeye Shamuni, shemasi wa wanawake, atashusha komeo la mlango huu na kuulizwa mbele ya kanisa zima, waliobaki ni wetu, naye atajibu, ni wetu, maneno mawili ambayo miaka nenda rudi ameyajibu kama mtu anavyoitikia salamu, ila leo pale nyuma ya nguzo amesimama mtu ambaye si wetu, amejigubika shela la kijivu linalodondosha maji, na mtu huyo ni Zenodora, mwalimu Zenodora wa falsafa, ee Bwana, milango yote ya mji wa Apamea, kwa nini umemleta kwenye wangu... na huko uani watawa walioshuka mlimani wanangoja na marungu yao, anawasikia kupitia ubao wa mlango, mmoja anasema, "Mchawi kaingia kwa wanawake, nimemwona kwa macho yangu," na mwingine anajibu, anatafuna kitu, zeituni labda, "Hatuna haraka. Si hajabatizwa? Wenyewe watatutolea," na kweli watamtoa, mtoaji ni yeye Shamuni, hiyo ndiyo kazi yake, na nyumba ya Zenodora imeungua tangu alfajiri, moshi wake uko hadi kwenye ubani.

"Yule bibi wa nguzoni ni wa nani?" anamnong'oneza mjane Bassa, ambaye hajawahi kufumba macho katika sala hata moja, "mbona amina yake inachelewa?" na Shamuni anamwambia, "Ana msiba, mwache," naye Bassa, "Msiba gani wa kulowa hivyo, kama kuku wa sokoni," na Shamuni amjibu nini, aseme kuna mtu juu ya paa kammwagia mwanamke mzee beseni la maji machafu akikimbia, na watu wakacheka, naye hakugeuka hata kutazama, anamjua, hakugeuka... alikuwa hivyo hivyo zamani, siku ile ya mvua, Shamuni binti wa mtia rangi nguo, mikono ya buluu hadi viwikoni, amekaa barazani kwa Zenodora nje ya pazia, kwa maana ndani ya pazia waliingia waliotakaswa tu na kula kiapo cha kutowafunulia wageni, wengine waliambulia sauti tu, na sauti ikakoma, pazia likafunguka, "Ingia, mwanangu, utaugua huko," na wale vijana wa matajiri wakanung'unika, "Mwalimu, huyu ni Mkristo, na kiapo je?" naye akasema, bila kuinua sauti, "Kiapo nimekula mimi, nitakibeba mimi," akampa nafasi kwenye mkeka wake mwenyewe... vua, ndivyo alivyofundisha siku ile, mwite Mungu mwema, kisha vua neno mwema, mwite mmoja, kisha vua na hilo, endelea kuvua hadi usibaki na la kusema, hapo nyamaza, usiogope giza, na vazi la mwisho ndilo gumu, ni lile unalojivunia, kila mtu na lake, na Shamuni mtoto akauliza, "La kwako ni lipi, mwalimu?" naye Zenodora akacheka hadi akajifuta machozi, "Ningelijua, mwanangu, si ningekuwa nimelivua."

"Wakatekumeni, tokeni," anaita Malkos, sauti imemkwaruza, na wanawake wasiobatizwa wanaanza kupita mlangoni mmoja mmoja, yule muuza bizari, mke wa askari na mwanawe mgongoni, na Shamuni anawabariki kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye komeo, na nyuma ya wote, Bwana weee, shela la kijivu linakuja, linakuja kabisa, miguu mitupu juu ya mawe, nywele nyeupe zimefumuka, hana kibanio wala pete wala hereni, na moyo wa Shamuni unaruka, kwa kuwa ndivyo anavyowaandaa wanawake usiku wa ubatizo, anawafumua nywele, anawavua hadi kipini cha mwisho, wasishuke majini na kitu cha kigeni, na huyu hapa kavuliwa kila kitu na maji kamwagiwa... acha, Shamuni, usijidanganye, maji ya kuoshea sufuria si ubatizo, aliyeyamwaga hakumwita Mungu na aliyemwagiwa hakumtaka, usijitafutie mlango wa nyuma.

"Nipishe," anasema Zenodora polepole.

"Wako nje, mwalimu."

"Nina masikio. Nipishe, utaulizwa, na uongo hukuuweza tangu utoto, masikio yako huwa mekundu."

"Basi sema unaamini. Neno moja tu, nitasimama nalo mbele ya askofu."

"Nisiloliona siwezi kulisema. Wewe ungesema?" na Shamuni asingesema, mji mzima unajua, Shamuni ulimi wake ni safi, hata askofu alisema hivyo alipomwekea mikono, huyu hajatamka uongo mbele ya altare, na mama yake mtia rangi alilia kwa fahari, na usiku asipopata usingizi hilo ndilo analojifunika nalo, wengine wana watoto, wengine wana shamba, yeye ana ulimi wake... anajifunika nalo. Anajifunika. Anasimama na neno hilo kama aliyepigwa kofi, halafu anaona, hapana, haoni kitu, ni giza, na anaogopa kuliko anavyowaogopa wale wa nje, kwa sababu Mungu ambaye kwa ajili yake ameutunza usafi huo miaka yote hayumo ndani ya usafi huo, alikuwa nje ya pazia barazani, amelowa, na yeye ndani na vazi lake kavu.

"Rudi nguzoni," anasema, na mwili wake ameuziba mlango.

"Shamuni. Usijichafue kwa ajili yangu."

"Rudi, mwalimu. Nitakibeba mimi," na Zenodora anamtazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie anamtazama hasa, mwanamke ambaye hakugeukia hata beseni, kisha anarudi, anaacha nyayo za maji kwenye mawe, na Bassa anazitazama zile nyayo, kisha anamtazama Shamuni.

"Milango," anaita Malkos, "milango," na Shamuni anaufunga mlango, huko uani mtu anasema, "Mbona hajatoka?" na komeo liko mkononi bado, baridi vilevile, zito vilevile, na atakalojibu ni uongo, anajiambia, usiupake asali, utaitwa uongo leo na siku ya hukumu, watamvua shela la ushemasi na watakuwa na haki, ee usiye na jina, chukua na vazi hili, sina lingine.

"Mama Shemasi," anauliza Malkos kutoka ngazini, na kanisa zima linageuka, "waliobaki ni wetu?" na Shamuni anahisi masikio yake yanawaka moto, yote mawili, anayaacha yawake, na anafungua kinywa.