Viti Vilibaki Nje

Siku ya kuanua matanga shemeji zangu walilishika kochi kubwa, wawili upande huu na wawili upande ule, walirudishe sebuleni. Nikawaambia, "Acheni kwanza." Nilimaanisha dakika tano, labda kumi, nipumue. Lakini siku kama ile mjane akisema neno hakuna wa kumbishia. Wakalitua palepale kwenye nyasi, wakanawa mikono, wakaenda kula. Hiyo ilikuwa Septemba. Novemba ikafika, kochi liko palepale.

Msiba ukiingia nyumbani viti hutoka na mikeka huingia, wafiwa wakae chini. Kwa hiyo seti yetu yote ilikuwa uani: kochi la watu watatu, la watu wawili, viti viwili vya mtu mmoja mmoja, meza na stuli zake nne. Vyote mbao ya mninga, kazi ya fundi Otto wa Msamala, vizito vya kumkomesha mwizi. Maua yangu nayo yalikuwa yamesogezwa yapishe mafiga na masufuria, na mengine yalikuwa yamekanyagwa. Jioni ile wifi yangu Benigna akayaona yamelala ovyo pembeni, akayaokota kopo moja moja na kuyapanga sebuleni. Alisema sebule tupu inatisha. Makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka, madumu yaliyokatwa nusu, yote na udongo wake, juu ya sakafu nyekundu niliyoisugua miaka ishirini na miwili. Nilimtazama tu mpaka akamaliza.

Nisieleweke vibaya, sikuwa na huzuni. Watu walingoja nilie, sikulia. Makaburini walinishika mikono pande zote nisije nikaanguka, na mimi nilikuwa nimesimama imara, nawaza kama nyumbani tumefunga bomba. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, wakati ule ambao haujaanza kuchoma. Ukiufinya, unaona vidole vinafinya, basi.

Mume wangu Rupert alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa mistari iliyonyooka. Presha ilimwangusha bafuni Jumanne asubuhi, Jumatano hatukuwa naye. Nyumbani alikuwa na sheria moja tu, na hiyo moja ilitosha kutugombanisha maisha yote ya ndoa: ndani ni ndani, nje ni nje. Ua lenye udongo lisivuke mlango, kwa sababu ua lina mdudu. Kama nataka maua sebuleni, kuna ya plastiki, na kweli aliyanunua mwenyewe, mekundu, akayasimamisha kando ya televisheni. Kila Jumamosi niliyafuta vumbi huku nikiyachukia.

Mimi nami nilikuwa na sheria yangu: mtu asiguse mapazia. Hiyo hakuifuata hata siku moja. Jioni akitoka kazini alikaa kwenye kiti chake, kile cha mtu mmoja karibu na dirisha, akalivuta pazia na kulipiga fundo, fundo kabisa, kama anafunga mzigo wa kuni. Kitambaa kikatoka makunyanzi ambayo hata pasi iliyashindwa. "Mwalimu, pazia si kamba," nilimwambia. Naye jibu lake lilikuwa lilelile: "Nataka mwanga." Nililifungua, kesho yake akalifunga.

Sasa maua yalikuwa ndani na viti vilikuwa nje. Ugomvi wetu nilikuwa nimeushinda, na ushindi wenyewe sikujua niuweke wapi.

Basi nikaishi hivyo. Chai nilikunywa uani, kwenye kochi, miguu kwenye nyasi. Wageni waliokuja kunipa pole nao walikaa hapo, chini ya mparachichi, wakijifanya ni jambo la kawaida. Vitambaa vya makochi nilivifua kila Jumamosi na kuvitandika upya, kisha kuku wakapanda juu yake. Jua likizama nilifunika kila kitu kwa turubai la kuanikia mahindi. Asubuhi nilimwagilia maua sebuleni, maji yakatiririka chini ya makopo na kuacha maduara ya tope. Zamani duara moja tu la namna hiyo lingenitoa machozi ya hasira. Mwanangu Calvin, aliye kazini Mwanza, alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili aliuliza, "Mama, viti umeingiza?" Nilimwambia bado.

Sababu niliijua, ila sikumwambia mtu. Nje kiti hakina mahali pake. Leo kiko hapa, kesho mgeni amekisogeza kivulini, anakikalia yeyote. Ndani, kiti cha Rupert kina mahali pake. Nikikirudisha, kila jioni nitakula chakula changu mbele ya kiti kile kitupu, mpaka na mimi nife. Nilijua siliwezi hilo. Na huwezi kuingiza vingine vyote ukaacha kimoja.

Jirani yangu Mwanahawa ndiye pekee aliyenibana. Ni mtu wa Tunduru, alikuja hapa Ruhuwiko na mumewe, na hapahapa ndipo alipomzika.

"Mama Calvin, mimi nilikuwa na eda," aliniambia siku moja, ameketi kwenye kochi la watu wawili anachambua mchicha. "Miezi minne na siku kumi. Siku ilipotimia nikaoga, nikabadili nguo, nikatoka. Niwe tayari, nisiwe tayari, siku imetimia. Sasa ninyi mnatokaje?"

"Sijui."

"Basi jiwekee siku. Mtu hawezi kukaa hivi, si ndani si nje."

Nikatazama juu. Milima ya Matogoro ilikuwa mikavu, na anga halikuwa na hata alama. "Mvua," nikasema. "Mvua ya kwanza ikinyesha, nitaviingiza."

"Inshallah," akasema, akaendelea na mchicha wake. Nilikuwa nimejipa mwezi mzima, na nilijua amelitambua hilo.

Katikati ya mwezi huo alikuja Pamela. Msichana nadhifu, kucha zimepakwa vizuri, alisimama getini akiangalia ua wangu mpaka nikadhani amepotea njia.

"Shikamoo mama. Naitwa Pamela, napamba kumbi na nyumba za watu, niko Msamala. Samahani, hapa nani amekupangia?"

"Marahaba. Hakuna aliyepanga. Tulikuwa na msiba."

"Jamani, poleni sana." Alinipa mkono, akainamisha kichwa kama inavyotakiwa, lakini macho yalikuwa yameshaingia mlangoni. Nikamwambia apite aone. Alizunguka sebuleni kati ya makopo, akatoka, akaingia tena.

"Mama, umeweza," akasema. "Siku hizi hiki ndicho watu wanachotaka. Bustani iingie ndani, sebule itoke nje, mtu asijue nyumba imeishia wapi. Nina wateja wametoa hela nyingi na hawajapata kama hivi. Hii sakafu nyekundu na haya majani. Na vile vitambaa pale kwenye nyasi. Naomba nipige picha."

Nikamwambia apige. Nilimwaza Rupert, angesikia kwamba udongo sebuleni ni mtindo, angetaka huyo mtoto amletee hesabu yake ubaoni. Nilijua linachekesha. Sikucheka.

Pamela alipiga picha zake, akasogeza stuli moja, akarudi nyuma, akakunja uso. "Kinachoharibu ni hiki kimoja tu. Kimeyapa maua mgongo. Tukigeuze kiangalie bustani." Akakishika kiti cha Rupert pembeni na kuanza kukizungusha.

"Toa mkono."

Sauti ile sikuijua ni ya nani. Msichana akaachia kama ameshika pasi. Ilikuwa hasira ya kweli, ya kwanza tangu Septemba, na karibu niifurahie. Kisha ikaisha, nikabaki nimesimama mbele ya mtoto wa watu aliyekuwa anaomba radhi. Nikampa parachichi tatu aende nazo.

Picha zilisambaa. Wakaja wanawake wawili kutoka Matogoro kuangalia, akaja pia mwalimu mmoja aliyefanya kazi na Rupert, akasema kumbe Mama Calvin una kipaji. Benigna akanipigia simu. "Wifi, watu wanasema umefungua bustani ya kupigia picha. Kaka yangu hajamaliza miezi mitatu." Nikamwambia ni yeye aliyeingiza maua. Akasema, "Mimi niliyaingiza ili yasife."

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, saa tisa alasiri, Matogoro haikuonekana. Palikuwa na weusi tu. Upepo ukaangusha parachichi, vitambaa vikapaa vikanasa kwenye uzio. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi na niliona kila kitu kinavyokuja, na sikuinuka. Tone la kwanza lilipiga meza, likafuata la pili. Mwanahawa akatokea amejifunga khanga kiunoni.

"Siku yako imetimia," akasema. "Inuka."

Tulibeba stuli. Tulibeba meza. Kochi la watu watatu lilitushinda mlangoni, na hapo ndipo Ibra, dereva wa bodaboda aliyekuwa anakimbilia baraza letu ajikinge, akaweka pikipiki yake na kulishika. Ndani hapakuwa na nafasi ya kukanyaga.

"Maua yatoeni," Mwanahawa aliamuru. "Yanataka mvua hayo, viti havitaki." Basi huku tunaingiza, huku tunatoa, tukapishana mlangoni tumelowa, makopo kwa makochi. Ibra aliuliza kila kitu kinakaa wapi, nami nikamwonyesha bila kufikiri: hili ukutani, hili hapa, meza katikati. Mikono yangu ilikumbuka.

Akarudi amekumbatia kiti cha Rupert, maji yanachuruzika kwenye sponji. "Na hiki cha mwisho, mama? Kinakaa wapi?"

Miezi yote ile watu waliniuliza nitaviingiza lini. Swali la Ibra hakuna aliyekuwa ameniuliza. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba ningeweza kujifanya sikusikia. Yeye alisimama tu amebeba ule uzito wa mninga, mgeni kabisa, anangoja.

Nikanyoosha kidole, pale karibu na dirisha.

Pale palikuwa na kopo la ua la majani mapana. Mwanahawa akalisukuma kando kwa mguu. Pale sakafuni zilionekana alama nne zilizopauka, kwa sababu miaka yote nilipaka rangi ya sakafu kuzunguka miguu ya kiti, mvivu wa kukisogeza. Ibra aliziona. Akatua miguu ya kiti juu yake, mmoja mmoja, kisha akatoka barazani kungoja mvua ipungue. Mwanahawa alikwenda jikoni kuwasha jiko.

Nilitafuta pa kukaa. Makochi yalikuwa yamejaa mito iliyolowa na vitambaa vyenye tope. Palibaki kiti kimoja. Sikuwahi kukikalia, si kwamba nilikatazwa, kilikuwa chake tu. Nikakaa. Maji yakapanda kutoka kwenye sponji yakanilowesha gauni lote, nayo yalikuwa ya baridi.

Sebule ilikuwa na giza kwa lile wingu na lile pazia. Nilitaka mwanga. Sikuwaza kitu kingine. Nikanyoosha mkono, na sikuhitaji kuinuka, pazia likaja lenyewe kiganjani. Nikalivuta pembeni, nikaliachia, likarudi. Nikalivuta tena. Basi nikalipiga fundo.

Kutoka kwenye kiti kile huoni geti. Huoni barabara wala mparachichi. Unaona kipande kimoja cha ua, upana wa mikono miwili, chenye bomba na kitalu cha mawaridi. Hapo ndipo mimi huinama kila siku kuanzia saa kumi na moja mpaka jua lizame, nimeipa nyumba mgongo nisipigwe na jua machoni. Nikasogeza kichwa kushoto, nikaona ukuta. Nikasogeza kulia, nguzo. Alikuwa amekipima kiti kile, mwalimu wa hesabu, kwenye mstari mmoja ulionyooka.

"Mgongo," nikasema kwa sauti.

Miaka ishirini na miwili alikuwa anatazama mgongo wangu na khanga yangu ya kushindia. Halafu mimi huingia ndani na mikono yenye udongo kuja kumgombeza kuhusu pazia, naye anasema anataka mwanga. Nikacheka. Kicheko kilitoka vibaya, kikakwama, na pale kilipokwama pakaanza kuchoma. Nililia. Nililia kwa sauti, kama ambavyo watu walitaka nilie makaburini, bila kumjali Ibra aliyekuwa barazani, nikimwita Rupert kwa jina lake ambalo sikuwahi kumwita, kwa sababu nilimwita Mwalimu.

Mwanahawa alikuja mpaka mlango wa jikoni na birika mkononi, akanitazama, akatazama na dirisha. Akarudi kupunguza moto.

Alipoleta chai mvua ilikuwa imetulia. Maua yangu yalikuwa nje kwenye matope, yamesimama vizuri, isipokuwa lile kopo la majani mapana lililosahaulika kando ya kiti. Aliweka vikombe mezani, akaliona pazia, akanyoosha mkono kwa huruma ya mwanamke anayejua kitambaa.

"Litaharibika hili. Nilifungue?"

"Liache," nikamwambia.

Akanipa kikombe changu, akasogeza mito kwenye kochi, akakaa.