Jibu la Neno Moja

Nilipotoka kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu, Mama alikuwa getini na utepe mweupe wa msiba nyweleni. Nikajifanya sijauona.

Baba alikuwa fundi viatu sokoni katika jiji letu la Daegu, na Kiingereza alikiokota kwenye vitabu vyangu. Jumapili nikitoka bwenini alinishikia kadi za maneno, nami nieleze maana. Tulipofika kwenye "fine" nikajibu tulivyokaririshwa: mtu akikuuliza hali, sema hivyo, yaishe.

"Hata kama unaumwa?"

Nikamwambia hata kama. Akacheka, akasema hilo ni neno la waoga. Siku hiyo tukawekeana sharti: simuni tuandikiane kwa Kiingereza tu.

Oktoba, Mama akaanza kuja bwenini peke yake. Eti Baba yuko mji wa Busan, anamsaidia mjomba dukani. Niliamini. Kwetu mtahiniwa habebeshwi habari mbaya. Hata supu ya mwani hapewi, asije akateleza akafeli. Kila jioni nilimwandikia Baba kumuuliza hali, na kila jioni jibu likaja neno lile lile, "fine". Nikamtania kwamba Busan imemtia woga. Utani wangu haukujibiwa.

Wiki moja kabla ya mtihani nikataka nimsikie sauti. Mama akanitia mkononi peremende ya kunata, ya kunasia ushindi.

"Soma kwanza, Hyeon-ju. Baba yako hajambo."

Siku ya mtihani hata ndege zilizuiwa kuruka ili tusikie vizuri sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Nilitoka nikijua nimefaulu, nikamkuta Mama pale getini.

"Tulimzika Jumamosi," alisema. "Saratani. Mwenyewe alikataa usiambiwe."

Shangazi zangu walijua. Mwalimu wangu alijua. Nikauliza ni nani basi aliyekuwa akinijibu.

"Mimi. Kwenye kadi zenu nilishika neno hilo moja tu."

Nilimchukia, sifichi. Miaka minne sikula mezani kwake, na cheti cha mtihani ule nilikitupa uvunguni. Laiti ningefeli na mkono wa Baba nikaushika.

Sasa nafundisha Kiingereza, na neno hilo nalifundisha kila mwaka. Mama ana miaka sabini na tatu, anaishi peke yake. Nikimpigia kumuuliza hali, hunijibu lile lile neno lake moja.

Basi mimi huvaa viatu, nikapanda basi, nikaenda kumwona kwa macho yangu.