Tunguu Kubwa la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hajawahi kunipa hata jani la mchicha. Kwa hiyo aliponiita bustanini kwake anigawie rubabu, ule mmea wa mabua mekundu machachu yanayopikwa na sukari, machale yalinicheza.

Aling'oa shina zima, akalipasua kwa sepetu. Tunguu la katikati, nene kama goti, akalifunga kwenye gunia akaliweka miguuni pangu. Mimi akanipa kipande chembamba cha ubavuni chenye vichipukizi.

"Chako hiki, mwanangu. Mwaka wa kwanza usikate bua hata moja."

Mwanangu! Tangu lini? Alipoingia jikoni kuchemsha chai, nikabadilisha: kipande changu ndani ya gunia lake, tunguu lake ndani ya kapu langu. Chai nikainywa roho kwatu.

Nyumbani nililipanda kwa samadi, nikalimwagilia, nikalisubiri. Halikutoa hata jani. Nilipolifukua, lilikuwa tope linalonuka.

Nikaenda kwake nimefura. Kitalu chake kilikuwa kimefunikwa na majani mapana kama nyungo.

"Ajabu, mwanangu," akaniwahi. "Lile tunguu lilikuwa limeoza ndani, nililifunga nikalitupe. Kufungua gunia, nikakuta limepona!"

Nikanywea. Lakini mpaka leo najiuliza: takataka ya kutupa, nani huifunga vizuri vile, akaiacha miguuni pa mkamwana wake, halafu akaenda kuchemsha chai iliyokuwa tayari kwenye chupa?