Alichoachiwa na Chiriku

Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Mteja akikaa kwenye kiti cha saluni alisukwa huku akisimuliwa, akaondoka hajui kipi kimempendeza zaidi, nywele au maneno. Mdogo wake, waliyekuwa wakifanya kazi pamoja, alikuwa mkimya. Yeye alikuwa wa kuosha vichwa na kucheka.

Siku ile Chiriku alikuwa katikati ya kisa cha bwana harusi aliyepotewa na viatu. Akanyamaza ghafla.

"Mdogo wangu, nani kanipiga kichwani?"

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kitana kikamponyoka, naye akaanguka. Walimfikisha hospitali akiwa bado anapumua, lakini damu ilikuwa imeshatapakaa kwenye ubongo. Hakuiona asubuhi.

Baada ya mazishi, daktari wa mishipa ya ubongo, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alimwita mdogo mtu pamoja na mama yao.

"Mama, kuna mwingine katika ukoo aliyeondoka hivi?"

Mama aliinama. "Dada yangu. Alianguka akianua nguo. Watu walisema mengi."

"Basi na huyu binti tumpime."

Wakampima. Picha zilionyesha mshipa mmoja wa damu kichwani umetuna mahali pamoja, mfano wa puto dogo. Ulikuwa bado haujapasuka.

"Fuvu hatulifungui," daktari akaeleza. "Tunaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani, tunaupandisha polepole hadi kichwani. Hapo palipotuna tunapajaza nyuzi laini za madini, damu isipate nafasi ya kuingia."

"Na hatari?"

"Ipo, sikufichi. Ila kwa ukoo wenu, kuuacha naogopa zaidi."

Walipofika ukumbini, binti alisimama akaegemea ukuta.

"Mama, sitaki."

"Hutaki nini?"

"Yeye hakuna aliyempima. Mimi nipone kwa sababu yeye kafa? Nitamtazama nani usoni?"

Mama, ambaye tangu mazishi alikuwa akiongea kwa kunong'ona, alipaza sauti hadi watu wakageuka. "Nimeshazika mmoja. Usinirudishe makaburini, mwanangu!"

Binti akakubali.

Alipozinduka alimkuta nesi kasimama kando ya kitanda, anamwambia ainue mkono huu, halafu ule, ataje jina lake. Akafanya yote. Pajani palikuwa na bandeji ndogo tu. Daktari akaja kumwambia kazi imekwenda vizuri.

Akafikiria jinsi Chiriku angekisimulia kisa hiki saluni: jamani, paa linavuja, fundi anaingilia dirisha la jikoni! Kicheko kikamtoka. Akageuka upande wa mlango, kama vile dada mtu yuko hapo anangoja zamu yake ya kusema.

Kwikwi ikampanda palepale.

"Unaumwa wapi?" nesi akauliza, kashtuka.

"Siumwi," akajibu, machozi yakimwagikia masikioni. "Siumwi popote."

Mama, aliyekuwa akingoja upande wa pili wa kitanda, alivuta kiti, akamshika mkono. Hakumwambia anyamaze. Walilia pamoja, mmoja akimlilia dada, mwingine mwana, mpaka mkono wa mama ukalegea. Usingizi ulikuwa umempitia akiwa amekaa, yeye ambaye tangu msiba alikuwa akikesha macho makavu.

Binti hakuuondoa mkono wake. Alimwacha alale.