Mkono Mgongoni kwa Tahiya

Simu ya Bi Wanu iliingia Jumanne asubuhi, Rasha yuko jikoni kwake Kiponda anachagua mchele. Mavyaa yake, mama wa mumewe, hakuwa mtu wa kupiga simu saa hizo. Hakusalimia wala hakuuliza hali.

"Mwanangu, njoo umtazame Tahiya."

"Kafanya nini, mama?"

"Njoo tu. Umtazame kwa macho yako."

Mchele ukabaki kwenye sinia. Tahiya, bintiye wa miaka minne, walikuwa wamemwacha Bwejuu kwa bibi yake tangu Jumapili, kwa vile skuli zimefungwa na mtoto alilia hataki kuondoka. Rasha alimpigia mumewe, Pandu, aliyekuwa kazini Mlandege, simu haikupatikana. Hakungoja. Alitia buibui juu ya nguo za jikoni, akakodi gari, na njia nzima akawa anasoma Ayatul Kursi. Akifika katikati inampotea, anaanza upya.

Mkono wake wa kulia ulikuwa unamuwasha na kumchoma tangu jana. Alijiambia ni ile sabuni mpya ya kufulia, akaushusha mkono wa buibui, basi.

Bi Wanu alikuwa kasimama mlangoni, mtoto kamfunika kanga. Mwanamke aliyelima mwani miaka yote kwenye maji ya chumvi, hakuwa mwepesi wa kutishika. Lakini siku hiyo hata shikamoo ya mkwewe hakuisikia. Alimgeuza mtoto taratibu, akaifunua kanga.

Mgongoni kwa Tahiya, chini ya bega la kushoto, palikuwa na mkono.

Kiganja kizima na vidole vitano vilivyotanuliwa, vyekundu kama vilivyochomwa kwa pasi, na katikati ya kiganja malengelenge yamevimba, yamejaa maji.

Rasha aliinama karibu. "Nani kampiga mwanangu?"

"Hapa hakuna aliyempiga."

"Hapa hapana mtu ila wewe, mama."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Bi Wanu alimtazama. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba jana palikuwa na wekundu tu, akadhani ni jua. Leo alipomvua nguo kumkosha ndipo alipoviona vidole.

Rasha alipiga magoti mbele ya mtoto. "Tahiya, mama, niambie. Nani kakushika hapa?"

Mtoto alimtazama bibi yake, akamtazama mamake, akatia kidole gumba mdomoni. Kila mmoja wa wale wanawake wawili aliona kuwa mtoto anamwogopa mwenzake.

Jirani, Bi Nasima, alikuwa kaja kuomba chumvi. Alichungulia mara moja tu, akarudi nyuma hadi mgongo ukagota ukuta. "Huo si mkono wa binaadamu," alinong'ona. "Na mwenye mkono wake atarudi." Akaondoka na kibakuli chake kitupu.

Rasha hakutaka kuyasikia ya mashetani. Aliloliogopa lilikuwa karibu zaidi. Akilini alimwona mtu asiyemjua akimkaba mwanawe nyuma ya nyumba. Akamwona Bi Wanu, mgongo unamuuma, hasira zimempanda, na chuma cha moto mkononi. Akaona haya kwa kuliwaza hilo, na bado akaliwaza.

"Weka mkono wako hapo, mama," alisema. "Usimguse. Uweke juu yake tu."

Bi Wanu hakubishana. Aliutandaza mkono wake juu ya ile alama. Vidole vyake vilikuwa vifupi, vinene, kimoja kimepinda. Havikuifikia hata nusu.

"Haya," Bi Wanu akasema. "Na wako."

Rasha aliunyoosha wa kwake, akiwa na hakika. Ukaenea sawasawa. Kidole juu ya kidole, kiganja juu ya kiganja. Hata pale kwenye kidole cha pete, ambapo alama ilikatika na kuacha ngozi safi, ndipo pete yake ya ndoa ilipokaa.

Bi Wanu alimvuta mtoto polepole mpaka akawa nyuma ya kanga yake.

"Jumapili nilikusikia unamfokea," alisema.

Ni kweli, alimfokea. Tahiya alikuwa kachopoka uani na chupi tu, anakimbilia maji ya bahari yaliyokuwa yanajaa, na Rasha alimkimbilia, akamdaka mgongoni, akamrudisha amemkumbatia kwa nguvu. Lakini hakumpiga. Au alimpiga? Mtu anaweza kumuumiza mwanawe hivi na asikumbuke? Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Walikwenda pamoja kituo cha afya, kwa kuwa hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake mtoto. Tahiya alikaa kwenye mapaja ya bibi yake kiti cha nyuma. Rasha alikaa mbele, hathubutu kugeuka.

Muuguzi alipoifunua kanga, uso wake ulibadilika. "Alama hii kaipata kwa nani?" aliuliza, na swali lenyewe halikuwa la dawa. Rasha alishaona polisi wanakuja, alishaona mtoto anachukuliwa, alishamwona Pandu anamtazama kama Bi Wanu alivyomtazama. Muuguzi akatoka, akarudi na daktari, mwanamke wa makamo waliyemwita Daktari Nassra.

Daktari aliinama akautazama mgongo wa mtoto kwa muda. Kisha akamgeukia Rasha, ambaye bila kujijua alikuwa anajikuna.

"Hebu pandisha mkono wa buibui."

Kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, michirizi myekundu ilikuwa imeteremka kama maji yaliyotiririka, na baina ya vidole vilengelenge vidogo vimeanza kutoka.

"Jumapili ulishika ndimu?"

Rasha aliwahi kumwona shangazi yake akibanduka mashavu kwa mkorogo wa dukani, na tokea hapo aliapa hatajipaka asichoweza kukila: asali, manjano kwa maziwa, mafuta ya nazi. Jumapili ile, uani kwa Bi Wanu, alikuwa kakaa na kibakuli cha sukari anakamua ndimu, anajisugua viwiko na visigino. Mtoto alipochopoka, aliinuka mkono ungali unachuruzika.

"Nilikamua nyingi," alisema.

"Na mtoto akashinda juani."

"Alicheza mchangani mpaka alasiri. Lakini ni ndimu tu, daktari. Si tunakula?"

"Kula mle. Maji yake yakikaa kwenye ngozi na jua likayapiga, ngozi inaungua. Tena haiungui papo hapo. Kesho yake, keshokutwa ndipo inapotoka. Hukumpiga mwanao. Ulimbeba tu."

Rasha alilia pale pale mbele ya muuguzi, kilio kikubwa, mpaka Tahiya naye akaanza kulia. Daktari akawapa dawa ya kupaka, akawaambia wamkande kwa kitambaa cha maji baridi, wasiyatumbue malengelenge, na wamweke mbali na jua. Alama itageuka nyeusi, akasema, na itakaa miezi kabla haijafutika.

Nje, chini ya kipaa cha kituo, Rasha alisimama mbele ya mavyaa yake. "Mama, nisamehe. Nilikudhania wewe."

Bi Wanu alimhamishia mtoto bega jingine. "Na mie nilikudhania wewe," alisema. "Pale ulipouweka mkono, nshaamua. Nlikuwa nimwambie Pandu leo leo asikurudishie mtoto." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nawe ni mtoto wangu, miaka sita hii."

Walirudi Bwejuu, safari hii wote kiti cha nyuma, mtoto kati.

Malengelenge yalikauka. Mkono ukageuka mweusi, vidole vyote vitano, na Rasha akawa anauona kila jioni anapomkosha Tahiya kwa maji ya uvuguvugu na kumpaka mafuta ya nazi matupu. Sasa alikuwa anajua umetoka wapi. Hata hivyo alimpaka kwa ncha za vidole, akipita pembeni pembeni, asithubutu kukilaza kiganja pale. Aliogopa, na hakumwambia mtu.

Jioni moja Tahiya alijinyonganyonga kwenye beseni. "Mama, nikune. Hapo mgongoni."

"Wapi?"

"Hapo penye mkono."

Rasha aliunawa mkono wake, akaunawa tena, akaukausha kwa taulo. Kisha akaulaza pale, wote, akamkuna mwanawe.